Nafasi ya Kuitikia

Tarehe 9 Februari

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Tulifika salama na tumepata chumba, mimi na Bati, nyuma ya duka la matairi. Kina dirisha moja, nalo linafunguka ukilipiga ngumi mahali fulani anapopajua Bati peke yake. Dramu zake zimelala kitandani, yeye analala chini. Mnara na gitaa lake la besi wamekwenda kwa binamu yake mtaa wa pili, maana hapa kwetu angelala amejikunja kama kisu cha mfukoni.

Kazi imeanza. Tunapiga kila Ijumaa jioni kwenye kantini ya mafundi magari. Mwenye kantini anatupa chakula tu, lakini ametupa Ijumaa zote, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Ukipiga leo hapa na kesho kule, mtu akikupenda hajui akutafute wapi. Mara ya kwanza walikuwepo mafundi wachache wenye mafuta mikononi, wakatutazama kama wanaosubiri tumalize wale kwa amani. Ijumaa iliyopita wawili wao walirudi na wake zao. Kila anayerudi namuuliza jina, na wiki inayofuata namwita kwa jina lake kabla sijaanza kuimba. Unapaswa kuona nyuso zao.

Wimbo wetu, "Mlango", tunaupiga mwisho. Nikifika pale pa "Nani huyo mlangoni?" nanyamaza, tunaacha nafasi yako yote ya kuitikia, halafu tunaendelea. Mnara anataka tupajaze kwa besi. Nimemkatalia. Pale pako, na ulisema utakuja mara tu ukimaliza kazi zilizo mezani. Unakuja lini?

Na simu yako ina nini? Kila nikipiga ya nyumbani anapokea Mama, na kila akipokea, wewe uko sokoni. Soko gani hilo, Dada, lisilofungwa hata baada ya chakula cha usiku?

Mdogo wako,
Honi


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu Honi,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya matairi, kwa hiyo nimeamini kuhusu chumba.

Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kupigia pasi na haikutoka hai. Ya Mama ni ya Mama, anaishika kama yai. Tuandikiane tu. Barua ina uzuri wake: ukiniuliza swali la kipuuzi napata muda wa kutafuta jibu la heshima.

Kuja kwangu kunangoja sare. Shule mbili zimeniletea kazi kwa pamoja, na mwalimu mkuu mmoja ameamua kila mtoto awe na mifuko miwili kifuani, sijui watoto wale wana siri gani za kuweka. Zikiisha tutaona.

Hilo la majina umefanya vizuri. Mimi nakuambia kama fundi: mteja wa mara ya kwanza si wako. Amekuja kwa sababu zipu imekatika na wewe uko karibu. Akirudi mara ya pili, huyo mpe kiti. Na msikae na nyimbo zenu chumbani kama nguo zisizo na mwenyewe. Wapelekeeni vinyozi kwenye flashi, bure, maana mtu aliyenyolewa nusu kichwa hawezi kuondoka. Wapelekeeni na wasusi. Kule mtu anakaa tangu asubuhi mpaka alasiri na masikio yake yote mawili.

Nafasi yangu ijazeni mkitaka, shauri lenu. Hapana. Iacheni kwanza.

Mama anasema ule mboga.

Dada yako


Tarehe 20 Februari

Bati,

Hii nimeituma kwa anwani ya duka la matairi kwa jina lako. Usiisome mbele ya Honi.

Wiki ile ile mliyoondoka nilikwenda hospitali kutolewa ule uvimbe wa shingoni niliokuwa naufunika kwa kitambaa. Nilijua siku yangu tangu mapema, ndiyo maana nikawahimiza mwondoke. Daktari alinieleza wazi kabla ya yote kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita pale pale, na kwamba mara chache huumia. Basi mimi nimekuwa wa hizo mara chache. Kidonda kimepona vizuri, nakula, nashona. Sauti imebaki mnong'ono. Wanasema ya kuongea huenda ikarudi kidogo. Ya kuimba nisiingoje.

Nakuambia wewe kwa sababu unanifuata mimi kwenye "Mlango", na utakuwa wa kwanza kushuku. Honi asijue. Unakumbuka Baba alipougua, yeye akaacha mafunzo ya umeme katikati akarudi kukaa naye, na hakuna aliyemwomba. Akijua hili, kesho utamkuta stendi na gitaa mgongoni. Hapo mimi nitakuwa nimepoteza sauti mbili, yangu na yake, na hilo sitaweza kulibeba.

Mama anaujua uongo mmoja tu, wa soko. Nimejaribu kumfundisha mwingine, ameshindwa.

Fundi


Tarehe 17 Aprili

Dada,

Keti chini kabla hujasoma. Mambo yanakwenda.

Vinyozi ulisema kweli. Kinyozi wa hapa mtaani alikuwa anampunguza ndevu mtangazaji wa redio ya mji, "Mlango" ukapita, mtangazaji akaomba flashi. Jumatatu akaucheza asubuhi. Sasa, alipofika kwenye nafasi yako akadhani mashine imekufa, akarukia kipaza sauti akaanza kutangaza betri za magari. Katikati ya betri mimi nikarudi naimba. Tulikuwa tunasikiliza hapa chumbani, Bati akatupa kiatu.

Lakini sikiliza. Watu wakapiga simu kumwambia hapo si pabovu, hapo ni pa kunyamaza. Mtangazaji naye ni mjanja. Siku ya pili akasema anayetaka kuitikia apige, na akaanza kuwaweka hewani. Kila asubuhi mtu mmoja. Nimesikia dereva wa trekta, nimesikia bibi mmoja akijibu "Nani huyo mlangoni?" kwa kusema "Mwenye nyumba, kodi." Mji mzima ulicheka. Sasa Ijumaa kantini haitoshi, watu wanasimama mpaka kwenye magari yaliyofunguliwa injini, na mafundi wanapiga kelele wasikanyagiwe spana.

Na kubwa ni hili. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa kampuni ya kurekodi kutoka mji mkubwa. Nilimtambua kwa sababu ndiye pekee ambaye hakututazama. Aliketi ubavuni, mgongo kwa jukwaa, akatazama watu mpaka mwisho. Nilipomaliza nikamuuliza kama hakuupenda muziki. Akasema waimbaji wazuri wanamjaza barua pepe kila siku, yeye anatafuta watu wanaorudi, na hapa amewaona. Akauliza nani anaimba hiyo sehemu iliyo kimya. Nikasema dada yangu, anakuja. Akasema vizuri, kwa sababu wimbo wenye shimo kampuni haiwezi kuutoa. Anataka turekodi Julai. Akipenda kazi, atatupa mkataba wa albamu.

Sare zile bado tu? Watoto wanavaa ngapi kila mmoja? Jumapili nilipiga, Mama akasema uko sokoni, na nyuma yake nikasikia cherehani inakwenda.

Honi


Tarehe 3 Mei

Dada Fundi,

Mimi si mtu wa barua, unanijua. Nilijifunza ngoma kwa kupiga mabati ya jikoni kwenu na mpaka leo sina maneno mengi kuliko bati.

Siwezi kuendelea hivi. Kila siku anahesabu jinsi utakavyofika. Amenunua godoro. Liko hapa ukutani limefungwa kwa nailoni, eti la Dada. Mimi nalitazama usiku nikizima taa.

Jambo jingine ni la kazi. Kabla hujaitikia ulikuwa unavuta pumzi. Wewe hukuijua, lakini mimi nilikuwa naisikia, na hiyo ndiyo ilikuwa inaniambia niingie. Sasa hakuna pumzi, nabahatisha. Ijumaa moja nawahi, nyingine nachelewa. Watu hawajui. Mimi najua, na Honi anajua, na anasema ni kwa sababu nimekukosa. Ni kweli.

Mama wa kampuni amesema wazi kwamba bila sauti ya pili hakuna mkataba. Honi amemjibu bila dada hakuna yeye. Amesema hivyo kwa tabasamu, kama mtu mwenye uhakika. Mwambie ukweli. Ama umwambie achukue mtu mwingine, lakini umwambie kitu.

Samahani kwa mwandiko. Naandika juu ya dramu.

Bati


Tarehe 10 Mei

Honi,

Nakuandikia kwa ufupi kwa sababu nina kazi.

Siji. Si kwa sababu ya sare. Nimeamua kuacha kuimba. Nimeimba tangu niko mdogo, kwenye harusi, kwenye misiba, jikoni, na sasa nataka kukaa na cherehani yangu. Mtu ana haki ya kuchoka.

Wimbo nimeusikia. Redio ya kule inafika hapa asubuhi hewa ikiwa nzuri. Pale pangu mtu anatangaza betri, pengine anaingia dereva wa trekta. Basi inaonekana pale panaweza kukaa mtu yeyote. Tafuta msichana mwenye sauti, mfundishe, mrekodi Julai. Mkataba huo ukikupita kwa ajili yangu sitakusamehe, na unajua mimi sisemi hivyo kwa mzaha.

Godoro uza.

Dada


Tarehe 2 Juni

Dada,

Nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Kwanza nilidhani ni hasira za betri. Nikamwendea mtangazaji nikamwambia asiguse tena nafasi ile, wala asiweke watu. Amekubali, shingo upande. Halafu nikasoma tena, nikaona kwamba hujaniomba hilo. Umeniomba nisikuombe. Sijui ni nani amekuambia kuhusu godoro, nadhani ni Bati, mdomo wake huwa mzito kwangu tu.

Sawa. Nimefanya ulivyosema. Tumempata msichana anayeitwa Chiriku, anaimba kwenye harusi, sauti yake ni safi na hana maringo. Tulimfundisha wiki mbili. Ijumaa nikaimba "Nani huyo mlangoni?" na yeye akajibu vizuri, mahali pake, bila kosa. Watu wakamzomea. Si yeye hasa. Wamezoea pale pawe pao, kila mtu na lake, sasa wameona mtu ameingia mbele yao akafunga. Alishuka jukwaani analia. Nilimsindikiza mpaka kwao nikamwomba radhi mbele ya mama yake, na sitampandisha tena.

Mama wa kampuni alikuwepo. Amesema kwa sauti tuna nusu wimbo, na kwa kimya tuna nusu wimbo. Kabla hajakata shauri anataka kuuona mahali ulipoanzia, aone kama kule tuna watu au tuna jamaa tu. Kwa hiyo tunakuja. Tutapiga ukumbi wa chama cha ushirika, tarehe 28 Juni, Jumamosi, na baada ya hapo atasema ndiyo au hapana.

Sikuombi upande jukwaani. Lakini mimi nitaacha nafasi kama kawaida, kwa sababu sijui kuuimba wimbo ule kwa namna nyingine. Ukinyamaza pale, basi yameisha, na angalau nitakuwa nimekusikia ukinyamaza. Nimeumia, Dada. Nimeona nikuambie nisije nikaja nikiwa nacheka.

Mwambie Mama tutalala nyumbani, watatu. Mnara atahitaji benchi.

Honi


Tarehe 14 Juni

Bati,

Umeona nilichokifanya. Nilidhani nikimkata atakwenda mbele, kumbe anakuja kusimama pale pale nilipomwacha, tena na mama wa kampuni pembeni.

Nimewaza wiki nzima nikitia pindo. Kupanda jukwaani siwezi, nitafungua mdomo utoke upepo. Lakini kuna mkanda ule wa mazoezi yetu, tuliourekodi jikoni, zinasikika sufuria za Mama nyuma. Tangu Aprili nimekuwa nikiupiga hapa kwenye chumba cha kushonea, kwa ajili yangu mwenyewe, siku ambazo moyo ulikuwa mzito. Wateja wakaanza kuitikia. Mtu akisimama kupimwa hana la kufanya, mikono iko juu, basi anaimba. Wakikosea nanyanyua kidole, wanarudia. Wanadhani nina mafua yasiyoisha na kwamba pini mdomoni ndizo zinanifanya ninong'one. Huu ni msimu wa harusi na mahafali, nusu ya wanawake wa mji huu wamepita mbele ya utepe wangu.

Sasa nimeanza kuwafundisha kwa makusudi. Kila anayekuja kuchukua nguo namwambia tarehe 28, ukumbi wa ushirika, na haondoki mpaka ameitikia sawasawa. Mmoja alisema amekuja kuchukua gauni, si kufanya mtihani. Akafanya.

Nakuomba mambo mawili. Honi asiniite jina jukwaani. Na wewe usibahatishe siku hiyo. Sikiliza kwanza.

Fundi


Tarehe 6 Julai

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Najua niliondoka bila kuaga, na Mama alilia mlangoni. Nitamwomba radhi mwenyewe.

Wacha nianze na ukumbi. Niliimba "Nani huyo mlangoni?" nikafumba macho, maana sikutaka kuona. Nikasikia wakivuta pumzi. Ukumbi wote, kwa pamoja, kabla ya neno. Hakuna mtu duniani anayevuta pumzi hivyo pale ila aliyejifunza kwako. Halafu wakajibu, "Ni mimi, fungua," wakaivuta ile "fungua" mwishoni kama unavyoivuta wewe, na Bati akaingia mahali pake bila kukosea, mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. Nilifungua macho nikakutafuta. Ulikuwa umeegemea ukuta wa nyuma na kitambaa shingoni, kila mtu anaimba sehemu yako, wewe mdomo umefunga na machozi yanashuka. Nikajua hujaacha kuimba. Mtu aliyechoka na kitu halii hivyo.

Tulikuwa tumefika moja kwa moja ukumbini, na usiku ulijifungia; asubuhi nilikuja chumba cha kushonea kukuuliza. Ukafungua mdomo. Dada, nilidhani unanitania. Nilikaa nasubiri sauti ije, kama mtu anayesubiri maji kwenye bomba. Uliponieleza yote nikashikwa na hasira ambayo sikujua ninayo, nikachukua gitaa nikatoka. Uliogopa kwamba ningerudi nyumbani. Ningerudi, ni kweli, na kilichonichoma ni hicho, kwamba ulinijua mpaka ukaniamulia. Ulilala hospitali na mimi nikawa huku nauliza habari za sare. Ulipaswa kunipa nafasi ya kukuletea hata uji.

Bati nilimnyima salamu. Lakini chumba ni kimoja na joto ni kali, na dirisha linamtii yeye tu. Siku ya tatu nikamwambia, "Bwana, fungua." Akalipiga ngumi. Tukacheka.

Sasa kazi. Mama wa kampuni hakusema kitu ukumbini. Aliniita juzi ofisini, akauliza swali moja, watu wale wote wamefundishwa na nani. Nikamwambia ukweli, wote, na wa mnong'ono pia. Akasema alilifikiria lile shimo kama kasoro, kumbe lina watu ndani. Mkataba ametoa. Wimbo utoke na nafasi yake wazi, kila mji uitikie wenyewe. Nilimwambia jina lako likae kwenye jalada kama sauti ya pili au sisaini. Akaandika.

Nikadhani tumemaliza. Jana fundi mitambo wa studio akaniambia nafasi hiyo haiwezi kuwa kimya cha kukata kwa mashine. Anasema kimya cha chumba kitupu si sawa na kimya cha chumba chenye mtu, na masikio yanajua. Lazima mtu asimame mbele ya kipaza sauti pale, hata kama hasemi. Akapendekeza asimame yeye, kwa kuwa hana kazi wakati huo.

Nimemwambia pale pana mwenyewe.

Tunarekodi tarehe 19. Tiketi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Huna haja ya kuimba. Simama tu pale ulipokuwa ukisimama, kushoto kwangu. Godoro sikuliuza.

Honi


Tarehe 8 Septemba

Mdogo wangu Honi,

Nilikuwa sijakuandikia tangu nirudi kwa sababu nilingoja niusikie kwanza kama mtu wa kawaida anavyousikia.

Hasira zako nilizipokea siku ile studio, uliponiwekea kiti bila kuniangalia na halafu ukaniletea uji kwenye chupa ya chai, asubuhi yote, kikombe juu ya kikombe, mpaka fundi mitambo akauliza kama nimelazwa. Umelipiza. Na mimi nakuomba radhi, kwa maandishi, ili usije ukadai sikusema. Nilikuficha kwa sababu nilikupenda na kwa sababu niliona haya. La pili sikuliandika kwenye barua yoyote. Niliona haya kuwa bila sauti, kana kwamba nimeipoteza kwa uzembe.

Nilipokuja nilichagua gauni la pamba lililofuliwa mpaka likalegea. Kitambaa kipya kina kelele zake, ukipumua kinajibu. Fundi mitambo alinisifu kwa hilo, akasema waimbaji wengi huja wamevaa vitu vinavyochakarisha. Nikamnong'oneza kwamba na mimi nina kazi yangu. Ulipoimba "Nani huyo mlangoni?" nilisahau kwamba sina la kusema. Nikajiandaa kama zamani. Halafu nikakumbuka, nikabaki hivyo hivyo, kifua kimejaa. Nilidhani nimewaharibia, lakini mliendelea.

Sasa nisikilize. Jana wimbo ulichezwa redioni, mtangazaji wako akakaa kimya kama alivyoahidi. Nilikuwa namtia pini mteja, mama mmoja mgeni wa mji huu, hajawahi kutusikia. Wewe ukauliza. Na pale, kabla ya ngoma, nikasikia pumzi yangu ikiingia. Ndogo, lakini ipo, na Bati anaingia juu yake barabara. Sikujua nilikuwa naivuta kwa nguvu hivyo. Mbali na ule mkanda wa jikoni, nilikuwa sijajisikia tangu Januari, nikasimama na pini mkononi.

Yule mama akageuka akasema, "Huyo aliyetaka kuimba akaacha, ni nani?"

Nikatoa pini mdomoni moja moja. Nikamwambia, "Ni mimi." Hakusikia vizuri, cherehani ya msaidizi wangu ilikuwa inakwenda. Nikamwambia msaidizi asimamishe. Nikarudia, "Ni mimi," kwa hiki kinong'ono changu, nikaona kwamba kinafika mpaka ukutani kukiwa kimya. Swali liliporudi mwishoni mwa wimbo akaitikia mwenyewe, vibaya sana. Atakuja kuchukua nguo Alhamisi, tutarekebisha.

Mama anakusalimu, anauliza albamu ina picha yake au hapana. Bati mwambie nimeanza kumshonea shati, anitumie kipimo cha shingo, asikisie.

Nimenunua simu. Piga Jumapili jioni. Nitapokea mwenyewe, na wewe zima redio, wafungie na watu wa matairi mlango, unyamaze kidogo unisikie. Soko limefungwa.

Dada yako